Kihenge, Jiko na Igisabo: Msamiati wa Uendeshaji wa Kaya Ngara na Biharamulo katika Karne ya 19

Maandishi mengi ya Kiswahili kuhusu maisha ya kale ya bara hukusanya shughuli za kaya chini ya istilahi moja: kazi za nyumbani. Istilahi hiyo huficha elimu ya kukadiria, kuhifadhi na kugawa, ambayo kwayo kaya ilivuka majira ya njaa. Msamiati wa lugha za wenyeji ndio unaoidhihirisha elimu hiyo.

Katika uainishaji wa Guthrie, Kihangaza na Kishubi vya Ngara vimo katika kundi la D.60 pamoja na Kirundi, na Kizinza kimo katika E.20 pamoja na Kihaya. Sehemu ya msamiati ni urithi wa pamoja wa Kibantu: iziko la Kirundi ndilo jiko la Kiswahili. Tofauti huonekana katika uhifadhi. Ikigega huweza kufasiriwa kuwa ghala, neno lenye asili ya Kiarabu linaloashiria bohari. Hali ikigega ni chombo kikubwa cha kusukwa kilichowekwa uani, na mke mwenye mji ndiye aliyepima humo mtama wa chakula, wa pombe na wa mbegu. Neno kihenge linaikaribia maana hiyo zaidi.

Vivyo hivyo igisabo si kibuyu tu, bali ni kibuyu cha kusukia maziwa. Wanaume walikama, wanawake wakasuka. Siagi ikatumika kujipaka mwilini na kulainisha ngozi.

Kaya haikujitosheleza. Jembe lilitoka kwa wahunzi, wakiwemo Warongo wa Uzinza. Aidha, misafara ilihitaji chakula: mwaka 1861 Speke na Grant walipita Usui, yaani Rusubi ya Biharamulo, wakielekea Karagwe, na ugavi wa misafara ya namna hiyo ulitegemea akiba za kaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi wa ukanda huu. Penye zizi tupu, igisabo kilikosa kazi, na pamoja nacho sehemu ya mamlaka ya mwanamke juu ya mali ya kaya.

Kwa hiyo, mfasiri anayeandika "ghala" na "kibuyu" bila maelezo hufuta mgawanyo wa kazi na madaraka. Kazi ya mwanaleksikografia ni kuyakusanya maneno haya pamoja na matumizi ya vyombo vyenyewe, wangali hai wazee wanaoyajua.