Tairi Tatu, Mizigo Mitatu: Upepo wa Pikipiki yenye Kigari cha Ubavuni



Pikipiki yenye kigari cha ubavuni hutembea kwa tairi tatu, na kila tairi ina mzigo wake. Lakini wengi hujaza zote upepo sawa, au hufuata kitabu kilichoandikwa kwa pikipiki isiyo na kigari. Hapo ndipo hatari inapoanza. Kwa anayebeba samaki kutoka Kashikishi, hapa Nchelenge, kwenda Mbereshi hadi Kawambwa, tairi ikipasuka samaki huoza, siku ya kazi hupotea, na mtu anaweza kuumia.

KAZI YA UPEPO

Upepo ndio unaobeba mzigo. Tairi huuzuia tu usitoke. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi hujikunja kila mzunguko, hupata moto, nyuzi za ndani hulegea na mwisho hupasuka. Ukizidi, tairi hurukaruka kwenye mashimo, haishiki barabara vizuri, na huliwa katikati.

PIMA KILO KWANZA

Pakia mzigo wa siku zote, na mwendeshaji akae kitini. Weka gurudumu moja juu ya mizani ya magunia, na mengine mawili juu ya mbao zenye kimo sawa na mizani. Andika kilo, kisha rudia kwa magurudumu yaliyobaki. Kwa kawaida gurudumu la nyuma ndilo linaloelemewa zaidi.

Sasa soma namba ya uzito ubavuni mwa kila tairi. Namba 50 maana yake kilo 190. 56 ni kilo 224. 62 ni kilo 265. Tairi hubeba kilo hizo pale tu inapokuwa na upepo wa juu kabisa ulioruhusiwa na mtengenezaji.

Tuseme gurudumu la nyuma limepata kilo 210. Tairi ya namba 62 inatosha, lakini ijazwe karibu na kiwango cha juu. Tairi ya namba 50 haifai hata ukiijaza vipi. Upepo hauongezi uwezo wa tairi kupita namba yake. Dawa ni kupunguza mzigo au kubadili tairi.

PIMA UPEPO ASUBUHI

Pima kabla ya kuondoka, tairi ikiwa baridi. Joto likipanda nyuzi 6 hivi, upepo huongezeka karibu paundi 1. Kwa hiyo usipunguze upepo wa tairi iliyopata moto njiani.

Baada ya nusu saa ya mwendo na mzigo, pima tena. Ulioanza na paundi 30 ukipita 33, yaani zaidi ya sehemu moja ya kumi, tairi inajikunja mno. Kesho yake asubuhi ongeza upepo bila kupita kiwango, au punguza mzigo.

GURUDUMU LA KIGARI

Zambia tunapita kushoto, na kigari hufungwa kushoto. Gurudumu lake hukanyaga ukingo wa lami, penye mchanga na mashimo. Likikosa upepo, huivuta pikipiki kushoto. Kigari kikiwa kitupu, ukikata kona ya kushoto kwa kasi, gurudumu hilo huinuka. Basi punguza mwendo. Wenzetu wa Kilwa na Pweto, ng'ambo ya Ziwa Mweru katika Kongo, hupita kulia. Kigari kikifungwa kulia, hatari hiyo iko kona ya kulia.

Mzigo ukibadilika, pima upya. Tangu 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa, na aliyekuwa akibeba samaki huenda akabeba mihogo. Gunia la chisense wakavu na kasha la samaki wabichi wenye barafu havilingani uzito.

WAJIBU WA MWAJIRI

Ikiwa pikipiki ni ya mwajiri, kipima upepo ni chombo cha kazi, na mfanyakazi asikinunue kwa mshahara wake. Sheria ya Afya na Usalama Kazini ya Zambia, Namba 36 ya 2010, inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake. Andikeni kilo za kila gurudumu na namba ya kila tairi kwenye karatasi moja, mumkabidhi mwakilishi wenu wa chama aifikishe kwa msimamizi. Ni rahisi kupuuza lalamiko la mdomo, lakini kilo 210 juu ya tairi ya kilo 190 hazina ubishi.