Biashara ya kutunza miti kwenye magema ya Seattle

Mwenye nyumba ukingoni mwa maji mjini Seattle, Marekani, amelipia mandhari kuliko kitu kingine chochote. Akiwa sebuleni anataka kuiona bahari ya Puget Sound, feri zikipita na milima ya Olympic ng'ambo. Mbele ya dirisha lake umesimama msonobari wa Douglas wa mita arobaini, na chini ya msonobari huo gema linashuka moja kwa moja hadi ufukweni. Akiukata, anapata mandhari. Akiukata vibaya, baada ya miaka michache anaweza kupoteza bustani, kisha baraza, na mwisho nyumba yenyewe. Hapo ndipo inapopata riziki yake biashara ambayo kwetu haijazoeleka: utunzaji wa miti kwenye miteremko ya makazi.

Kwa Wamarekani si biashara changa. John Davey alianzisha kampuni yake mjini Kent, jimbo la Ohio, mwaka 1880. Leo Davey Tree inamilikiwa na wafanyakazi wake na mauzo yake ya mwaka yamepita dola bilioni moja. Kampuni ya Bartlett ilifuata mwaka 1907. Nyuma ya wakubwa hao kuna wadogo wasiohesabika, wengi wao wakiwa na lori moja, mashine ya kusaga matawi na vijana wawili watatu. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa miti, ISA, chenye asili yake mwaka 1924, hutoa cheti kwa njia ya mtihani, na mtu asiye na uzoefu wa kazi haruhusiwi kuufanya.

Ukitaka kujua kwa nini kazi ya gemani ni ghali kuliko ya uwanda, anza na udongo. Yapata miaka 17,000 iliyopita barafu yenye unene wa karibu kilomita moja ililalia eneo hili, na ilipoondoka iliacha matabaka: juu udongo ulioshindiliwa, katikati mchanga, chini mfinyanzi. Maji ya mvua hupita kwenye mchanga bila shida, yakifika kwenye mfinyanzi hukwama, kisha hutafuta njia ya pembeni na kutokeza usoni mwa gema. Hapo ndipo ardhi inapokatika, hasa miezi ya baridi ikiwa imeshiba maji. Januari 1997 udongo uliangukia nyumba ya ufukweni kisiwani Bainbridge na kuua watu wanne wa familia moja. Machi 2013 kipande kikubwa cha gema kiliporomoka Ledgewood, kisiwani Whidbey.

Mti hauwezi kuzuia poromoko linaloanzia chini sana, na mtaalamu mkweli atakwambia hivyo kabla hujamlipa. Hata hivyo mizizi yake inashika udongo wa juu, na majani yanadaka mvua kabla haijagusa ardhi. Msonobari hubaki na majani yake majira yote ya baridi, ilhali miti ya mepo na alda huwa imepukutika kipindi kile kile mvua inapozidi. Anayeng'oa misonobari na kubakiza mepo ameuondoa mwavuli siku ya mvua. Wateja wengi hawalijui jambo hili, na sehemu kubwa ya kazi ya fundi mzuri ni kulieleza.

Kwa hiyo msumeno hautangulii. Fundi huanza kwa kutembea juu na chini ya kiwanja akitafuta nyufa ardhini, mashina yaliyoinama, chemchemi, na bomba la paa linalomwaga maji ukingoni. Hukagua pia rundo la majani na nyasi ambalo mwenye nyumba amekuwa akilitupa gemani kila wiki akidhani anarutubisha. Rundo hilo hunyonya maji, huelemea mteremko na kuua mimea iliyo chini yake. Mara nyingi ushauri wa kwanza haugusi mti wowote: hamisha bomba, acha kutupa taka, ondoa mtambaa wa aivi unaopanda mashinani.

Kazi ya kukata ikifika, gharama iko kwenye kuufikia mti. Barabara iko juu, nyumba iko katikati, mti uko nyuma ya nyumba. Kreni haina pa kusimama, na gari la kunyanyulia watu haliwezi kushuka. Penye nafasi ya kutosha hutumika mashine ndogo ya miguu minne inayojitandaza kama buibui. Mara chache kreni huletwa kwa tishari kutoka upande wa maji. Kwingineko kote mtu hupanda kwa kamba.

Tazama kipande kimoja tu kinavyoshuka. Mkweaji, akiwa amejifunga mkanda wa kiunoni na mapajani, hufunga kapi kwenye shina, chini kidogo ya pale atakapokata. Kamba hupita kwenye kapi hilo na kushuka hadi kwenye silinda ya chuma iliyofungwa chini ya mti, ambapo mwenzake ameizungusha mara mbili au tatu. Msumeno ukimaliza, gogo huanguka, hudakwa na kamba, na mti mzima hutikisika mkweaji akiwa juu yake. Wa chini asipoiachia kamba itelezee taratibu kwenye silinda, mshtuko wote humfikia aliye juu. Akiiachia mno, gogo hufika kwenye paa la jirani wa chini. Hushushwa hivyo kipande baada ya kipande, siku nzima, na kila gogo lisiloweza kubaki gemani hubebwa kupandishwa barabarani. Mteja hulipia saa za watu hao, bima yao, na utulivu wa yule anayeishika kamba.

Kisiki hakichimbwi wala hakisagwi. Mizizi ya mti uliokatwa huendelea kushika udongo kwa miaka kadhaa huku ikioza polepole, kwa hiyo hatari huja wakati ankara imeshasahaulika. Aina ya mti nayo ina uzito wake. Mepo iliyokatwa huchipua upya kisikini na mizizi yake hubaki hai. Msonobari wa Douglas ukikatwa umekufa, na mizizi yake imeanza safari ya kuoza siku hiyo hiyo. Mkataba wa kukata msonobari gemani usiotaja kitakachopandwa mahali pake ni mkataba mbovu, hata bei iwe nafuu kiasi gani.

Ndiyo maana kampuni bora za eneo hili hupata fedha kwa kile zinachokiacha kimesimama. Mwaka 1993 Idara ya Ekolojia ya jimbo la Washington ilichapisha mwongozo kwa wamiliki wa magema ya Puget Sound, na mbinu zake bado ndizo zinazouzwa leo: kutoboa dirisha katikati ya matawi, kupunguza baadhi yake, au kuondoa ya chini ili mtu aone maji chini ya majani. Mtaalamu husimama sebuleni na mteja, redio ya mkononi ikiwa wazi, mkweaji akiwa mtini. Hili likatwe, lile liachwe. Mti hubaki hai, na baada ya miaka kadhaa kampuni huitwa tena kupogoa. Kukata kichwa cha mti, kosa ambalo wateja wengi bado huliomba, huacha kidonda kinachooza na machipukizi yaliyoshikilia kidogo tu, yanayovunjika upepo ukivuma.

Soko hili limejengwa pia na sheria. Sheria ya Usimamizi wa Fukwe ya Washington ya mwaka 1971 inagusa ardhi iliyo ndani ya futi 200, yaani kama mita 60, kutoka ukingo wa maji. Seattle huhesabu mteremko wa asilimia 40 au zaidi kuwa eneo nyeti, na tangu mwishoni mwa 2022 kampuni za miti zinatakiwa kujisajili kwa jiji. Vibali vimezaa kazi nyingine, ya kuandika ripoti. Hapa pana mgongano wa maslahi unaostahili kutajwa: anayesema mti ni hatari mara nyingi ndiye atakayelipwa kuukata. Mwenye nyumba makini humwajiri mshauri asiye na msumeno, kisha hutafuta mkataji kwingine.

Wanaopuuza hayo hulipa. Mwaka 2016 iligundulika kuwa zaidi ya miti 150 imekatwa kwenye mteremko wa jiji huko West Seattle, chini ya nyumba zenye mandhari. Jiji lilishtaki, na malipo ya suluhu yalifika jumla ya dola 800,000. Sheria ya jimbo humruhusu aliyekatiwa miti yake bila idhini kudai fidia ya mara tatu ya hasara yake. Kwa fedha hizo mandhari ingeweza kupogolewa kihalali kwa miaka mingi.

Dhoruba nazo zina msimu wake wa mavuno. Novemba 2024 upepo mkali ulipiga eneo la Seattle, miti iliua watu wawili na maelfu kwa maelfu ya nyumba zilikosa umeme. Siku kama hizo simu hazikatiki, na wakataji wasio na bima hupita mlango kwa mlango. Ni wakati mbaya kuliko wote wa kuamua kuhusu mti wa gemani.

Nayaandika haya nikifikiria Capri Point ya Mwanza, ambako nyumba zimepanda juu ya mawe zikitazama Ziwa Victoria, na Bukavu, ambako miteremko ya Ziwa Kivu imejaa makazi na udongo huporomoka mvua zikizidi. Tanzania inayo sheria yake: kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nacho kimetaja mita 60 kutoka ukingo wa bahari na maziwa. Tunachokosa ni fundi. Anayeitwa kwetu ni kijana mwenye msumeno wa mnyororo na ngazi, anayelipwa kwa mti ulioanguka na si kwa mti uliobaki. Chuo kikuu cha SUA cha Morogoro na Chuo cha Misitu Olmotonyi vimefundisha misitu kwa miaka mingi. Kozi fupi ya kupanda kwa kamba, kushusha magogo na kukagua miti ya makazi ingewapa vijana hao ufundi wenye soko, kwa vifaa visivyo vya gharama kubwa mno. Vyuo vianze. Na wewe uliyejenga kwenye mteremko wa ziwa, kabla hujakubali bei ya kukata, mwulize fundi udongo wako utashikwa na nini miaka mitano ijayo. Asipokuwa na jibu, mlipe nauli yake umwache aende.