Usiliamini faili la mawimbi

Ukiandika saketi kwa lugha ya Verilog na kuiigiza ndani ya kompyuta, mara nyingi unachopata mkononi ni faili la VCD. Ukilifungua kwa kihariri cha maandishi utakutana na sifuri, moja na alama za muda, kurasa kwa kurasa. GTKWave, programu huria ya Tony Bybell, hulichora faili hilo likawa mistari inayopanda na kushuka, nawe ukaona papo hapo ni wapi saa ya saketi ilipiga huku data haijafika.

Kwenye Debian na Ubuntu programu hii imo katika hazina za mfumo wenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya kuitafuta kwingine. Fungua terminali:

sudo apt update
apt show gtkwave
sudo apt install gtkwave

Amri ya pili wengi huiruka. Mimi huipenda, maana hukutajia toleo na ukubwa wa kifurushi kabla bando halijaliwa. Ukubwa huo ni wa kifurushi chenyewe tu. Kikihitaji vifurushi vingine, amri ya tatu itakutajia jumla na kusubiri ukubali.

Sasa andika gtkwave jaribio.vcd. Dirisha litafunguka likiwa tupu, na hapo wageni hudhani mambo yameharibika. Hayajaharibika. Chagua moduli kwenye orodha ya juu kushoto, kisha chagua ishara zake chini yake na uzibofyie Append. Ukimaliza kuzipanga, hifadhi mpangilio kwa jina la jaribio.gtkw, siku nyingine gtkwave jaribio.vcd jaribio.gtkw itakurudishia kila kitu mahali pake. Faili likiwa kubwa mno, vcd2fst jaribio.vcd jaribio.fst hulibana vizuri sana, na chombo hicho huja ndani ya kifurushi hichohicho.

Kwa wengi kazi huishia hapo, na ndipo ninapotofautiana nao. Januari 2024 watafiti wa Cisco Talos walitangaza udhaifu zaidi ya 80 katika toleo la 3.3.115. Mwingi ulikuwa kwenye sehemu zinazosoma mafaili: mtu akitengeneza faili la hila nawe ukalifungua, anaweza kuendesha msimbo wake kwenye kompyuta yako. Na mafaili ya mawimbi tunatumiana kila siku, mwanafunzi kwa mwalimu, fundi kwa fundi, bila kuyashuku kama tunavyoshuku viambatisho vya barua pepe.

Tiba ilikuja na toleo la 3.3.118. Debian 11, iliyokuwa na 3.3.104, ililipokea kwa namba ya kuchekesha kidogo: 3.3.104+really3.3.118. Anayesoma tarakimu za mwanzo tu atadhani bado yuko na toleo bovu. Basi andika apt policy gtkwave na usome namba yote. Mstari wa Installed ni ulichonacho, wa Candidate ni kile ambacho hazina iko tayari kukupa. Vikitofautiana:

sudo apt install --only-upgrade gtkwave

Kwenye Ubuntu kifurushi hiki kimo katika sehemu ya universe, ambayo kwa kiasi kikubwa hutunzwa na jumuiya, kwa hiyo ukaguzi huo ufanye mara kwa mara.

Wapo wanaoandika sudo apt-mark hold gtkwave ili toleo lisibadilike katikati ya muhula. Nawaelewa, ila amri hiyo huzuia na viraka vya usalama pia. Ukirithi kompyuta ya maabara, anza na apt-mark showhold. Kifurushi kikitajwa humo, kifungue kwa sudo apt-mark unhold gtkwave.

Kuondoa ni rahisi: sudo apt remove gtkwave hutoa programu, purge hufuta na mipangilio yake ya mfumo ikiwepo. Mafaili yako ya .gtkw, pamoja na .gtkwaverc iliyo kwenye folda yako ya nyumbani, hayaguswi na amri yoyote kati ya hizo. Baadaye sudo apt autoremove itafagia vifurushi visivyohitajika tena, lakini isome orodha yake kwanza kabla ya kukubali.