Msafiri na Habari za Ng'ambo

Kutoka Buguruni Malapa hadi uwanja wa ndege wa Mwalimu Nyerere si masafa ya kumchosha mtu, na kwa hiyo mwana wa mtaa aendaye Maskati au Guangzhou husomewa dua, akasindikizwa na jamaa zake kwa gari la kukodi, nao kabla ya adhuhuri ya pili wamekwisha kupata habari kwa simu kuwa amewasili salama.

Wepesi huo wazee wetu hawakuujua. Aliyetaka kwenda Arabuni kwa jahazi aliungoja msimu wa kusi, na wa huko waliokuja kwetu walikuja na kaskazi. Amri ilikuwa ya upepo. Hata hivyo, Mngazija mmoja, Selim bin Abakari, alifuatana na bwana wake Mjerumani mwaka 1896 hata Urusi na Siberia, wakafika Samarkand na Bukhara, na simulizi yake ya Kiswahili ikapigwa chapa mwaka 1901 katika kitabu alichokikusanya Carl Velten. Basi kabla reli ya Dar es Salaam haijaanza kujengwa mwaka 1905, msemaji wa lugha yetu alikuwa amekwisha kuliona gari la moshi la Urusi!

Mwaka 1931 mwandishi Martin Kayamba naye alikwenda London pamoja na Chifu Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamugira wa Bukoba, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Aliporejea aliandika *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza*, kana kwamba ana deni kwa wale waliobaki.

Zama hizi dhoruba imehama baharini ikaingia maofisini. Hutafutwa kwanza cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa, ndipo iombwe hati ya kusafiria ya kielektroniki, ambayo ilipozinduliwa Januari 2018 ada yake ilikuwa shilingi 150,000. Kisha viza, na taarifa ya benki ya kuthibitisha kwamba mwombaji si fukara. (Nami niliwahi kunyimwa viza na ubalozi mmoja, wala sababu siielewi hata leo.) Safari yenyewe ni ya usiku mmoja, abiria kalala. Na mfanyabiashara wetu akirudi kutoka Guangzhou, picha zake zote tumekwisha kuziona simuni, hata hatuna la kumwuliza ila bei ya mzigo.