Pora Mdogo, Mitetea Wakubwa: Achaneni na Pilipili

Nimeulizwa tena, safari hii kutoka Palma: "Daktari, pora wangu ni mdogo na mitetea wanampiga. Nimpe pilipili ngapi kwa siku awe mkali?" Aliyemtangulia, wa Olumbe, alitaka kujua kama pilipili ikaushwe kwanza. Mwingine wa Quitunda aliuliza kama ni lazima iwe pilipili kichaa au hata ile ndefu ya sokoni inatosha. Hakuna aliyeniambia pora ana miezi mingapi, ametoka banda gani, wala kama amechanjwa. Majibu yote yako katika mambo hayo matatu.

Najua swali linakotoka. Watu waliokimbia mashambulizi ya Palma Machi 2021, wengine kwa vyombo vya baharini hadi Pemba, wengine kwa miguu kuelekea Nangade na Mueda, hawakupata nafasi ya kufunga kuku kwenye matenga. Waliorudi walianza ufugaji na chochote kilichopatikana. Huyu kanunua mitetea chotara, Sasso au Kuroiler, yule kapewa, na jogoo hayupo. Anakwenda kwa shemeji yake kijiji cha pili, anapewa pora wa kienyeji mwenye miguu myembamba. Anamwachia uani asubuhi, na kabla jua halijapanda mitetea wa kilo mbili na nusu wameshamsukumia nyuma ya pipa la maji. Mwenye banda anaona aibu kwa niaba ya jogoo, na aibu hiyo ndiyo inayompeleka kwenye pilipili.

Basi tuimalize pilipili kwanza.

Kinachowasha katika pilipili ni kemikali iitwayo kapsaisini. Kwetu sisi, na kwa mbwa, mbuzi na panya, kemikali hiyo huamsha kipokezi cha neva kilekile kinachotupa habari za moto, ndiyo maana ulimi unalalamika kuungua wakati hakuna kinachoungua. Maabara ya David Julius huko California ilikitambua kipokezi hicho mwaka 1997, na kazi hiyo ilimpa Julius sehemu yake ya Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021. Mwaka 2002, yeye na Sven-Eric Jordt walichunguza kipokezi cha kuku. Walikuta kwamba kinahisi joto sawasawa, lakini kapsaisini hakiitambui. Kwa lugha ya uani: kuku anameza pilipili kichaa kumi kama anavyomeza chenga za mchele. Hapandwi na hasira, kwa sababu hana habari kwamba amekula kitu kikali.

Asiyeamini maabara na atazame chini ya mwembe wake. Ile miche ya pilipili iliyoota pale, nani aliipanda? Ndege waliokula matunda, wakatua juu, wakanya. Mnyama anayetafuna husaga mbegu, na ukali unamfukuza. Ndege humeza mbegu nzima na kuitupa mbali ikiwa salama, hivyo kwake mlango uko wazi. Pilipili imeumbwa hivyo kabla mtu yeyote hajafuga kuku Cabo Delgado.

Hapo huja utetezi wa pili: "Lakini kwangu ilifanya kazi." Nimeusikia kutoka Mtwara hadi Pemba, na siku zote habari ni ileile. Pora alipigwa akiwa na miezi minne. Akalishwa pilipili. Alipofika miezi saba alikuwa bwana wa ua. Sawa, na katika miezi hiyo mitatu alikula pia pumba, mchwa, makombo ya ugali na mchanga. Mbona mchanga hausifiwi? Mwenye shaka na achukue pora wawili wa kutotolewa pamoja, mmoja ale pilipili, mwingine asile, awatenge wasionane, kisha aniambie ni yupi aliyewika kwanza. Miaka yote hii hakuna aliyeniletea jibu, kwa sababu anayeamini pilipili huwalisha wote.

Ukali wa jogoo una chanzo, na chanzo hicho kilijulikana zamani. Mwaka 1849 Arnold Berthold, mwalimu wa udaktari huko Göttingen, Ujerumani, alichukua pora sita akawafanyia upasuaji. Waliotolewa korodani zote mbili hawakuwika kama majogoo, hawakupigana, na upanga wao wa kichwani haukukua. Waliobakiziwa korodani moja, na hata wale waliopandikiziwa moja katikati ya matumbo, mbali na mahali pake pa asili, walikua majogoo kamili: wanawika, wanapigana, wanaandama mitetea. Kumbe kuna kitu kinachosafiri ndani ya damu, ambacho leo tunakiita homoni. Korodani za kuku ziko ndani ya mwili, juu karibu na figo, nazo hukua kwa wakati wake na kwa chakula cha kutosha. Pora wa kienyeji huanza kujaribu kuwika akiwa na miezi minne au mitano. Kukubaliwa na mitetea waliokomaa huja baadaye, miezi sita, saba, pengine minane. Hakuna kiungo cha jikoni kinachoifupisha safari hiyo.

Ningeliacha hili lipite kama mzaha lau lingeishia kwa pora. Haliishii hapo. Pilipili hiyohiyo hupondwa pamoja na shubiri, ikatiwa kwenye maji ya kunywa na kuitwa dawa ya mdondo, ambao wengine mnauita kideri. Mdondo ni ugonjwa wa virusi. Hauna dawa. Ukiingia katika banda lisilochanjwa unaweza kulimaliza lote, na anayeponda pilipili huku kuku wakipinda shingo anapoteza muda na kuku. Na ni nani anayeuingiza mdondo bandani mara nyingi? Ni mgeni, yaani huyohuyo pora uliyepewa na shemeji. Kuku anaweza kuonekana mzima, hata awe amechanjwa, na bado akawa anatoa virusi kwenye kinyesi. Kwa hiyo unayemwonea huruma kwa kudonolewa ndiye anayeweza kuwazika wale wanaomdonoa.

Chanjo ipo. Aina ya I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya vijiji vya joto na kujaribiwa Msumbiji tangu miaka ya 1990, huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, ingawa kuvumilia joto si ruhusa ya kuiacha juani. Ni tone moja katika jicho moja, kila baada ya miezi minne. Kwa Msumbiji kampeni zimepangwa Machi, Julai na Novemba. Ulizeni SDAE, ofisi ya shughuli za kiuchumi ya wilaya, au mchanjaji wa kijiji kama yupo. Chanjo ya vijana na wazee wa banda ni ileile, tone ni lilelile.

Sasa turudi kwa mitetea, maana wao wanasingiziwa. Hawampigi pora kwa sababu ni mdogo wa umbo. Wanampiga kwa sababu ni mgeni na bado ni mtoto. Kila kundi la kuku lina ngazi zake, nani anamdonoa nani na nani anapisha kwenye chakula. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe aliziandika ngazi hizo mwaka 1922, baada ya kuwatazama kuku tangu utoto wake. Majogoo wana ngazi yao na mitetea wana yao. Jogoo aliyekomaa kwa kawaida hukaa juu ya mitetea wote bila vita kubwa. Pora asiyekomaa hana ngazi popote, basi kila mtetea ana haki ya kumfundisha adabu. Siku homoni zikimjaa, upanga ukaiva na miguu ikatulia, mtetea yuleyule aliyemfukuza atachutama mbele yake. Jogoo wa kilo moja na nusu anaweza kabisa kumpanda mtetea wa kilo mbili na nusu, maana mtetea aliyeridhika hukaa chini mwenyewe. Tofauti inayoshinda ni ile ya kupindukia: jogoo kibeti kwa kuku wa nyama waliovimba mafuta.

Tena tuseme ukweli, hatari kubwa iko upande wa pili. Jogoo mzito, kuchi kwa mfano, akiwekwa kwa mitetea wadogo wa kienyeji huwachana migongo kwa kucha na vipi vyake. Pora wenu mwembamba hawezi kuleta madhara hayo. Anachoweza kuleta ni vifaranga watakaokuwa wadogo kuliko mama zao, kwa sababu nusu ya urithi ni yake. Mayai hayatapungua ukubwa, yai ni kazi ya mtetea. Anayefuga kwa ajili ya nyama na alifikirie hilo kabla ya kumwonea huruma jogoo.

Kuna na ile hila ya usiku: mwingize gizani, wakiamka watadhani alikuwepo. Hawatadhani. Gizani kuku haoni vizuri, kwa hiyo hapigani. Asubuhi anaona. Kuku humtambua mwenzake kwa kichwa na shingo. A. M. Guhl na wenzake huko Kansas, katikati ya karne iliyopita, waliwabadilisha kuku sura za kichwani na kundi likawashambulia wenzao wa siku zote kama wageni. Kwa hiyo kumpaka pora masizi ili "afiche ugeni" ni kumwongezea ugeni, na kumpaka mafuta ya nazi ili anuke kama wenzake ni kuharibu mafuta. Giza linasaidia jambo moja tu: unapata saa chache za kulala kabla ya ugomvi.

Yanayofaa ni haya, nami nayasema kwa haraka kwa sababu si magumu.

Muulize anayekupa pora: ana miezi mingapi? Kama hajafika sita, mwachie huko aliko au mlee peke yake. Usichukue wa kutotolewa na mitetea wako wenyewe. Ndugu kwa ndugu hudhoofisha kizazi.

Akifika, mtenge wiki tatu, mbali na banda. Mhudumie wa mwisho, kisha unawe mikono na miguu. Mchanje yeye na mchanje kundi zima kabla hawajakutana.

Baada ya hapo waonane bila kugusana, siku saba hadi kumi. Tenga kubwa katikati ya ua linatosha. Wavu wa zamani wa uvuvi uliokazwa kwenye fremu ya mianzi nao unafaa, ila uwe wa matundu madogo na ukazwe kweli, maana wavu mlegevu hunasa kucha na shingo.

Kisha mwachie nje kwenye saa kumi na moja jioni, wameshiba na usingizi uko karibu. Weka vyombo vya chakula viwili au vitatu, mbalimbali, mtetea mmoja asivilinde vyote. Weka makuti au mlango mbovu ulioegemezwa ukutani, wenye njia pande zote mbili, pora akimbilie bila kunaswa. Ongeza kichanja cha kulalia.

Kudonoana bila damu, waacheni. Damu ikionekana, mtoe aliyeumia saa hiyohiyo. Wekundu huwavuta wote. Mtetea mmoja akizidi ukorofi, mtoe yeye, si jogoo, siku tatu au nne. Msimtoe pora kwa wiki nzima "apumzike", kundi litamsahau na mtaanza upya.

Jogoo mmoja kwa mitetea wanane hadi kumi. Msiweke wawili. Mwenye haraka ya vifaranga na aazime jogoo aliyekomaa, aliyechanjwa na aliyetengwa kwanza, huku pora akikua.

Mkikosa subira, mtetea mkorofi na auzwe na mwingine mtulivu anunuliwe; ni halali. Pora akifika miezi kumi bado anakimbia, si wa mbegu huyo, mchinjeni.

Na mayai msiyaatamishe siku ya pili. Mtetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa wiki mbili, hata tatu. Kama kulikuwa na jogoo mwingine kabla, vifaranga wa mwezi wa kwanza wanaweza kuwa wake. Subirini wiki tatu, kisha pasueni yai moja bichi kwenye kisahani. Juu ya kiini mtaona doa jeupe. Likiwa kama tone lililotapakaa bila umbo, hakuna kitu. Likiwa duara safi lenye pete, pora wenu ameshafanya kazi, na hakuna sababu ya kuniandikia.