Je, Wajua? Moshi Chini ya Miguu ya Abiria

Ukipanda ndege ya Dar es Salaam kwenda Dubai, chini ya sakafu unayoikanyaga kuna vyumba ambavyo hakuna mhudumu anayeweza kuvifikia mkiwa angani. Humo yamo mabegi, vipuri, samaki wa barafu, maua, wakati mwingine hata jeneza. Moto ukizuka huko, rubani hana dirisha la kuchungulia. Ana taa nyekundu, kengele na orodha ya hatua za kufuata. Yafuatayo ni mambo ambayo abiria wengi hawayajui kuhusu taa hiyo, na jinsi ilivyogharimu maisha ya watu pale ilipodharauliwa, au pale ambapo haikuwekwa kabisa.

Je, wajua kwamba kengele ina dakika moja tu?

Kanuni za usalama za Marekani na Ulaya zinataka mfumo wa sehemu ya mizigo umjulishe rubani ndani ya dakika moja tangu moto uanze. Kazi hiyo hufanywa na vitambuzi vya moshi vilivyofichwa darini. Ndani ya kila kitambuzi kuna mwali wa mwanga unaopita bila kuligusa jicho la kielektroniki lililo pembeni. Moshi ukiingia, chembe zake huutawanya mwanga, mwingine hulipiga lile jicho, na ujumbe hufika kwa marubani. Katika ndege nyingi kengele hailii mpaka vitambuzi viwili vikubaliane, ili kimoja kikiharibika kisiilazimishe ndege kutua bure.

Je, wajua kwamba kondoo waliwahi kuishusha ndege?

Kitambuzi hakijui moshi ni nini. Kinajua chembe zilizo hewani. Vumbi, dawa ya kupulizia wadudu na mvuke wa mboga au maua yaliyopakiwa yakiwa na unyevu, vyote vinaweza kukidanganya. Oktoba 2015, ndege ya mizigo ya Singapore iliyobeba kondoo zaidi ya 2,000 kutoka Australia kwenda Kuala Lumpur ililazimika kutua Bali baada ya taa ya moshi kuwaka. Wakaguzi hawakuona moto. Lawama ziliangukia gesi na kinyesi cha kondoo wenyewe.

Vituko vya namna hii si haba. Uchunguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA) uliotolewa mwaka 2000 ulionyesha kwamba katika miaka ya mwisho ya tisini, kwa kila kengele moja ya moto wa kweli kulikuwa na takriban 200 za uongo.

Je, wajua kwamba, pamoja na hayo, rubani haruhusiwi kuibishia kengele?

Utaratibu wa leo ni mfupi: amini, funga hewa, fyatua gesi ya kuzimia moto, tua kwenye uwanja wa karibu unaofaa. Hakuna kwenda kuhakikisha kwanza. Somo hilo lilipatikana kwa damu mjini Riyadh.

Usiku wa tarehe 19 Agosti 1980, ndege ya Saudia namba 163, aina ya Lockheed TriStar, iliondoka Riyadh kwenda Jeddah ikiwa na watu 301. Kabla ya dakika saba kutimia angani, taa ya moshi ya sehemu ya mizigo ya nyuma iliwaka. Wafanyakazi wa chumba cha marubani walitumia zaidi ya dakika nne kutafuta kama taa inasema kweli. Wakapekua kitabu cha maelekezo, kisha mhandisi wa ndege akaenda nyuma kujionea mwenyewe. Akakuta moshi umeshaingia kwa abiria.

Ndege iligeuka na kutua salama, abiria wakiwa hai. Hapo ndipo msiba ulipokamilika. Badala ya kufunga breki na kufungua milango palepale, rubani aliendelea kutembeza ndege hadi ikatoka kwenye njia ya kurukia, ikachukua karibu dakika tatu kusimama. Injini zikaendelea kuunguruma kwa dakika nyingine zaidi ya tatu, na waokoaji hawakuweza kusogea. Mlango wa kwanza ulifunguliwa kutoka nje dakika 23 baada ya injini kuzimwa. Hakuna hata mmoja aliyepona. Watu wote 301 walikufa ndani ya ndege iliyokwisha kutua kwenye uwanja wenye zimamoto. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Je, wajua kwamba ukuta wa sehemu ya mizigo hujaribiwa kwa moto?

Dari na kuta za sehemu ya mizigo hufunikwa kwa mabamba magumu, mengi yakiwa ya nyuzi za kioo. Kabla ya kuidhinishwa, bamba huelekezewa ndimi za moto wa nyuzi joto takriban 927 za Selsiasi kwa dakika tano. Moto ukipenya, bamba limefeli. Ndiyo maana wapakiaji hukatazwa kugongesha makontena kutani, na fundi akiona bamba limetoboka hulitengeneza kabla mzigo haujaingia. Tundu dogo hupitisha moshi kwenda juu kwa abiria, na huivujisha gesi ya kuzimia moto.

Je, wajua kwamba gesi hiyo imepigwa marufuku kutengenezwa?

Inaitwa haloni 1301. Rubani akibonyeza kitufe, chupa ya kwanza humwagika yote kwa mpigo ili kuangusha ndimi za moto. Nyingine huvujishwa polepole ili moto usiinuke tena. Ndege ya injini mbili iliyoruhusiwa kuruka umbali wa dakika 180 kutoka uwanja wa karibu, kama zile zinazokatiza bahari kuu, hutakiwa kuwa na kinga ya kutosha kwa muda huo pamoja na dakika 15 za akiba.

Tatizo ni kwamba haloni huharibu tabaka la ozoni. Chini ya Itifaki ya Montreal, nchi tajiri ziliacha kuitengeneza kuanzia mwaka 1994, na nchi zinazoendelea zikafuata mwaka 2010. Kwa hiyo ndege za leo bado zinalindwa kwa gesi iliyohifadhiwa tangu zamani au iliyokusanywa kwenye mitambo mikuukuu na kusafishwa upya, huku wataalamu wakitafuta mbadala wake.

Je, wajua kwamba zamani baadhi ya ndege hazikuwa na kengele kabisa huko chini?

Lilikuwapo kundi la vyumba vya mizigo lililoitwa Daraja D. Havikuwa na kitambuzi wala gesi. Hoja ilikuwa kwamba chumba ni kidogo na kimezibwa, hivyo moto ungemaliza hewa na kufa wenyewe. Februari 1988, kemikali iliyopakiwa ovyo iliwaka ndani ya ndege ya American Airlines iliyokuwa ikielekea Nashville. Ndege ilitua, watu wakapona, na wachunguzi wakashauri vyumba hivyo viwekewe vitambuzi na vizima moto. FAA ilikataa, ikitaja gharama.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tarehe 11 Mei 1996, ndege ya ValuJet namba 592 iliruka kutoka Miami kwenda Atlanta. Katika chumba cha mizigo cha mbele, cha Daraja D, palipakiwa maboksi ya vifaa vinavyotengeneza oksijeni kwa kemikali, pamoja na matairi. Vifaa hivyo ndivyo vinavyozilisha barakoa zinazoshuka juu ya kichwa cha abiria ndege inapopoteza hewa. Ukivuta barakoa, pini huchomoka, kemikali huanza kuchemka, oksijeni hutoka, na kasha lenyewe hupata joto la kuweza kuunguza karatasi. Hivi vilikuwa vimepita muda wake na havikuwekewa vifuniko vya usalama. Kwenye karatasi za mzigo viliandikwa kuwa ni vitupu.

Havikuwa vitupu. Moto uliowaka haukuhitaji hewa ya chumba, kwa sababu ulikuja na oksijeni yake. Marubani hawakupata onyo lolote kutoka chini mpaka umeme ulipoanza kuharibika na moto kuingia kwa abiria. Takriban dakika 10 baada ya kuruka, ndege ilijichimbia katika kinamasi cha Everglades. Walikufa watu 110. Mwaka 1998 FAA ilitoa kanuni ya kuifuta Daraja D katika ndege za abiria, na mashirika yakapewa miaka mitatu kuitekeleza.

Je, wajua kwamba maranda ya mbao yaliwahi kuangusha ndege?

Novemba 1973, ndege ya mizigo ya Pan Am, Boeing 707, ilianguka ikijaribu kutua Boston huku marubani wakiwa hawaoni kwa moshi. Wote watatu waliokuwamo walikufa. Miongoni mwa shehena kulikuwa na chupa za asidi ya nitriki. Zilitakiwa kuzungushiwa kitu kisichoungua, lakini aliyefungasha alitumia maranda. Asidi ya nitriki ikivujia kwenye maranda haihitaji kiberiti.

Je, wajua kwamba dakika 18 zinaweza kutosha, au zisitoshe?

Usiku wa tarehe 28 Novemba 1987, ndege ya South African Airways iliyoitwa Helderberg ilikuwa juu ya Bahari ya Hindi ikikaribia Mauritius. Ilikuwa Boeing 747 yenye abiria mbele na mizigo nyuma kwenye sakafu ileile. Mpango wa kuzima moto ulikuwa mfanyakazi aingie humo na mtungi mkononi. Tangu rubani atoe taarifa ya moshi mpaka ndege ilipoanguka baharini hazikutimia dakika 20. Walikufa watu 159. Kinasa sauti kiliopolewa mwaka 1989 kutoka kina cha takriban mita 4,900. Baada ya hapo kanuni za ndege za aina hiyo zilikazwa, na wazo la kumtuma mtu mwenye mtungi kupambana na shehena nzima likapoteza watetezi.

Tarehe 5 Septemba 1996, ndege ya mizigo ya FedEx aina ya DC-10 ilipata onyo la moshi ikiwa futi 33,000 juu ya Marekani. Ilishuka moja kwa moja na kutua uwanja wa Stewart, jimbo la New York, dakika 18 baadaye. Ndege iliteketea, lakini watu wote watano walitoka. Tofauti kubwa ilikuwa uwanja wa ndege uliokuwa karibu.

Je, wajua kwamba ndege nyingi za mizigo hazina gesi ya kuzima moto kwenye sakafu yake kuu?

Huko kinga ni kuinyima hewa shehena: marubani huvaa barakoa, hupunguza mgandamizo wa hewa ndani ya ndege na kubaki kwenye kimo chenye hewa nyembamba. Udhaifu wa njia hiyo ulionekana Dubai tarehe 3 Septemba 2010. Ndege ya UPS, Boeing 747 iliyobeba betri nyingi za lithiamu, ilikuwa imeruka kwa kama dakika 20 kuelekea Ujerumani kengele ilipolia. Waongozaji wa ndege wa Bahrain walimtajia nahodha kwamba Doha iko karibu zaidi. Alichagua kurudi Dubai.

Ndani ya dakika chache moto uliharibu nyaya za usukani. Oksijeni ya nahodha ikakatika, akaondoka kitini na hakurudi. Rubani msaidizi akabaki peke yake katika moshi mzito kiasi cha kutoona vipimo vilivyo mbele ya pua yake, wala kitufe cha kubadilisha masafa ya redio. Ndege nyingine zilizokuwa angani zikawa zinampelekea maelekezo ya waongozaji kwa mdomo, neno kwa neno. Ndege ilianguka kama dakika 29 baada ya kengele. Wote wawili walikufa.

Je, wajua kwa nini pawabenki haikubaliki kwenye begi la kukabidhi?

Haloni huangusha ndimi za moto, lakini haipozi betri. Betri ya lithiamu ikishaanza kujichemsha, seli moja huiwasha jirani yake. Katika majaribio ya FAA ya mwaka 2017, kompyuta ya mkononi iliyopashwa moto ndani ya begi lenye kopo la shampuu ya kupuliza ilisababisha mlipuko ndani ya sekunde 40, kabla haloni haijapata nafasi ya kufanya kazi.

Hata kabla ya majaribio hayo, tangu Aprili 2016, betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake kama shehena haziruhusiwi kwenye ndege za abiria, na pawabenki hubebwa mkononi tu. Kipimo cha kawaida ni wati-saa 100. Pawabenki ya mAh 20,000 huwa na takriban wati-saa 74, hivyo inapita. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika la ndege, na zaidi ya hapo hairuhusiwi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025, Emirates imekataza kuitumia au kuichaji ndani ya ndege, na haitaki iwekwe kwenye kabati la juu. Juu kwa abiria, wahudumu wataiona na kuimwagia maji, maana maji ndiyo yanayoipoza. Chini kwenye mizigo, itabaki peke yake.

Neno kwa msafiri

Ajali kadhaa zilizotajwa hapa zina mtu aliyechelewa kuamini kengele, au aliyefungasha au kuandikisha kisicho sahihi. Kengele ni kazi ya marubani, lakini begi ni lako. Kabla hujalikabidhi, toa pawabenki, betri za akiba na sigara za kielektroniki. Gesi ya jiko, petroli na fataki ziache nyumbani. Ukiulizwa kaunta kilichomo, sema kweli. Na ukimtumia ndugu yako mzigo Muscat, London au Mwanza, usikubali wakala aandike "nguo" juu ya boksi la simu.