Bustani ya Mtoni: Fundisho kwa Watu wa Kakamega

Mtu wa Kakamega afikapo Nairobi kwa mara ya kwanza hupenda kutazama majumba marefu na maduka. Ni wachache wateremkao hadi mtoni. Walakini, saa moja katika Bustani ya Michuki yaweza kumfundisha mgeni mambo mengi kuliko siku nzima ya kutazama majumba.

Bustani hiyo iko kando ya Mto Nairobi, karibu na njia panda ya Globe, mahali ambapo kelele za matatu hazikomi. Humo mna miti, vijia vya kutembelea kwa miguu, na viti vya kupumzikia. Karani aliyechoka na mchuuzi aliyetua mzigo hukaa kivuli kimoja.

Jina lake ni la marehemu John Michuki. Wengi humkumbuka kwa sheria za mwaka 2004 zilizowalazimisha abiria wa matatu kufunga mikanda. Mwaka 2008 alipewa Wizara ya Mazingira, akaanza kazi ya kuusafisha mto huo uliokuwa umegeuka jaa. Taka ziliondolewa na miti ikapandwa. Michuki alifariki mwezi wa Februari 2012, na baadaye uangalizi ukalegea. Mafundi wa magari na waosha magari wakashika ukingo, mafuta machafu yakatiririka majini, na kazi ya miaka ikaharibika. Ilipofika mwaka 2020 Serikali ililazimika kuanza upya.

Yafaa kusema kweli hapa. Mafundi wale hawakuwa maadui wa mto. Walikuwa wakitafuta chakula cha watoto wao. Anayemwondoa fundi asimwonyeshe mahali pengine pa kufanyia kazi, amehamisha uchafu tu kutoka ukingo huu hadi ukingo mwingine.

Tena, bustani peke yake haisafishi mto. Maji hayo huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, upande wa Kikuyu, yakapita mitaa yenye watu wengi kabla ya kufika bustanini. Huko njiani hupokea taka na maji machafu. Jina Nairobi latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi, lakini aketiye bustanini leo hawezi kuyachota akanywa. Na mto ukibanwa hulipa kisasi: katika mvua kubwa za mwaka 2024 watu wengi waliokaa kandokando ya mito ya Nairobi walipoteza makao, na wengine maisha. Serikali ikaamuru waliokaa karibu na kingo wahame.

Je, haya yamhusu nini mkulima wa Kakamega? Yamhusu sana. Mji wa Kakamega una Bustani ya Muliro, ukumbusho wa marehemu Masinde Muliro, na karibu na mji unapita Mto Isiukhu. Mto huu hushuka kutoka upande wa Nandi, ukapita katika msitu wa mvua wa Kakamega, kisha ukaingia Nzoia na kwenda zake Ziwa Victoria. Msitu ndio kinga yake. Lakini utokapo msituni hukutana na mashamba, na baadaye mji ukuao. Nairobi nayo ilianza kwa uzembe mdogo mdogo, leo gunia moja la taka, kesho debe moja la mafuta.

Sheria yataka ukingo wa mto uachwe bila kulimwa wala kujengwa, kuanzia mita 6 hadi mita 30 kwa kadiri ya ukubwa wa mto. Tena mwaka 2009 Michuki huyo huyo aliagiza mikaratusi iliyopandwa karibu na maji iondolewe, kwa kuwa hunywa maji mengi. Agizo hilo liliwauma wakulima wengi, maana mkaratusi ni nguzo, kuni na karo ya mtoto. Lakini waweza kupandwa mbali na mto, na ukingoni ikapandwa mianzi au miti ya asili.

Nairobi imeisafisha bustani moja mara mbili katika muda wa miaka 12. Kakamega ingali na nafasi ya kuulinda mto wake kabla haujahitaji kusafishwa hata mara moja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.